Mukombero unaisha, mwiritsa unakauka: kisa cha msitu wa Kakamega

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye baa ya Nairobi au Kisumu, ama kungoja matatu usiku steji, anamjua yule jamaa wa mukombero, ule mzizi wa kutafuna. Ana kindoo au kikarai, ndani kuna njugu karanga, kuna tangawizi, na kuna vile vijiti vya kahawia vimefungwa na raba, anavirushia maji kila saa visinyauke, na sifa zake ni zile zile tu za nguvu za kiume, ati mzee tafuna hii leo kesho mama watoto atakupikia kuku. Unalipa, unachuna ganda la mzizi na meno, unatafuna, mwanzo kauchungu halafu inakuja ladha fulani ina harufu kama vanila, ule uti wa katikati unautema. Biashara imeisha hapo. Hakuna anayeuliza mzizi umetoka wapi, na tofauti na majani au matunda, mzizi ukishafika kwa karai kuna mmea mahali umeng'olewa mzima.

Sehemu kubwa ya jina la mukombero Kenya inatoka magharibi, hasa upande wa msitu wa Kakamega, na ndio maana nimechagua msitu huo. Watu wakiongea kuhusu tabianchi na miti ya dawa wanaongea kwa jumla sana, ati "misitu inaharibiwa", ukiuliza nani anaharibu nini na kwa njia gani wananyamaza. Kakamega unaona kila kitu kwa sababu msitu wenyewe ni mdogo na umezungukwa na watu kila upande. Nitachukua mimea miwili, mukombero na mwiritsa, mti mkubwa ambao ganda lake ni dawa, kwa sababu yote miwili ni dawa, yote iko taabani, lakini haifi kwa ugonjwa mmoja.

Kwanza msitu wenyewe. Uko kwenye mita kama 1,500 hadi 1,700 juu ya bahari, na ndio kipande kilichobaki Kenya cha ile misitu ya mvua inayofanana na ya Kongo, ndio maana kuna ndege na vipepeo hapo huwapati kwingine nchini. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi 1933, miaka ile ile watu walikuwa wamejaa Kakamega wakitafuta dhahabu, na dhahabu inataka magogo ya kushikilia mashimo na kuni za kuendesha mitambo. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, wa Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa ukawekwa chini ya idara ya wanyamapori, leo KWS (shirika la wanyamapori), kusini kwa Isecheno kukabaki kwa wale wa idara ya misitu, leo KFS (shirika la misitu). Kwa hiyo msitu mmoja una sheria mbili. Kaskazini huokoti hata kijiti, kusini mama analipia kibali anaingia kuokota kuni kavu na kukata nyasi. Halafu kuna vipande vilivyokatika vikabaki peke yake kama Kisere na Malava, ambavyo zamani vilikuwa mwili mmoja na msitu mkubwa.

Sasa weka watu hapo. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Kakamega watu 1,867,579, na jirani yake Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na hiyo ni mashambani si mjini. Shamba la babu limegawiwa baba, la baba limegawiwa wana watano, sasa kijana ana kipande ambacho akijenga nyumba na choo imebaki nafasi ya sukuma wiki. Huyo kijana akiambiwa kuna mzizi ndani ya msitu ambao broka ananunua kwa pesa taslimu jioni hiyo hiyo, unafikiri atafanya nini? Mimi siwezi kumlaumu kwa moyo mweupe, lakini pia sitaki kujifanya kwamba anachofanya hakina madhara.

Mukombero ni mmea wa kutambaa, unapanda juu ya miti mingine, majani yake ni mapana yana umbo la moyo, na ganda la tunda likikauka linapasuka mbegu zinatoka na manyoya zinapeperushwa na upepo. Unapenda udongo wenye unyevu na kivuli cha kiasi, na lazima upate mti wa kushikilia. Mchimbaji mzoefu anafuata kamba mpaka shina, anafukua na panga au jembe dogo, na kama ana roho nzuri anachukua mizizi ya upande mmoja anafukia. Hao wenye roho nzuri walikuwa wengi zamani wakati mukombero ulikuwa wa kutumia nyumbani, wazee kutafuna kwenye pombe, mama aliyejifungua kurudisha hamu ya kula, mtu wa tumbo. Ilipokuwa biashara ya magunia, mambo yakabadilika kabisa, kwa sababu anayechimba leo hajui kama kesho atamkuta mwingine ameshapita, na askari wa msitu anaweza kutokea wakati wowote, kwa hiyo ni kung'oa chapchap yote na kutoka mbio. Hata ule mdogo ambao mzizi wake bado ni mwembamba kama penseli unang'olewa. Mmea ambao haujawahi kutoa mbegu umeondoka, na ule wa kutoa mbegu umeondoka pia.

Na hii si Kenya peke yake. Uganda wanauita mulondo, na soko lake ni kubwa vilevile, sababu ni ile ile ya nguvu za kiume. Kusini mwa Afrika wanauita umondi na huko umechimbwa mpaka umekuwa adimu porini. Kuhusu hizo nguvu niseme kidogo tu: majaribio mengi yanayotajwa mitandaoni yamefanyiwa panya, na kile kinachofanya mzizi unukie vizuri kinajulikana kikemia, lakini kutoka kwa panya hadi kwa mzee wa baa kuna safari ndefu. Msitu unachimbwa kwa ahadi ambayo haijathibitishwa vizuri kwa binadamu, na hilo linaniudhi kuliko broka mwenyewe.

Mwiritsa ni hadithi nyingine. Huu ni mti mkubwa, unafika mita 30 na zaidi, Wakikuyu wanauita muiri, Wakalenjin tendwet, wataalamu Prunus africana, na ni ndugu wa plamu na pichi, ukiponda jani lake unanusa ile harufu ya lozi. Ganda lake limetumika miaka mingi kwa homa, kifua, tumbo, hata ng'ombe wanapewa. Dunia iliujua vizuri 1966 pale Mfaransa mmoja aliposajili hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na ganda hilo, na kuanzia hapo Kamerun, Madagaska, Kenya na wengine wakaanza kupeleka maganda Ulaya kwa tani. Mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao wa wanasayansi wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 18 ya wanaume 1,562 yakaona kweli kuna nafuu ya kiasi, mtu anapunguza kuamka usiku kwenda haja ndogo, ingawa mengi yalikuwa majaribio ya muda mfupi. (Mzee mwenye shida hiyo aende hospitali kwanza apimwe, si kila tezi ni ya ganda.) Kwa hiyo hapa dawa ina ushahidi fulani, na mti ukateseka kwa sababu hiyo hiyo. Tangu 1995 uko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake hutoi ganda nje ya nchi bila kibali kinachothibitisha kwamba porini hakudhuriki. Kamerun kiwanda kikubwa cha ganda hilo kilifungwa 2000, na 2007 Ulaya ikasimamisha kununua kutoka huko, wafanyabiashara wakageukia kwingine ikiwemo Kongo upande wa Kivu.

Ganda la mwiritsa linaweza kuvunwa bila kuua mti, na utaratibu unajulikana: unachuna robo mbili zinazotazamana kwenye shina, unaacha robo mbili, unarudi baada ya miaka kadhaa ganda likisharudi ndio unachuna zile zilizobaki. Ukizungusha mti mzima umeuua, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini kinapita kwenye ganda. Mganga wa kijijini ambaye anataka kipande cha kiganja anachukua kipande cha kiganja, na miti yenye makovu ya namna hiyo inaishi tu. Mwenye lori na oda hana muda wa robo.

Lakini Kakamega kuna kitu kinachochanganya, na hapo ndipo kisa kinanoga. Watafiti waliokuwa wakifuata mbega, wale nyani weusi wenye manyoya meupe marefu, waligundua kwamba majani ya mwiritsa ni chakula chao kikubwa sana, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kuingia 2000 na kitu wakaona miwiritsa mikubwa inakauka kutoka juu inakufa, mingi, huku michanga ya kuchukua nafasi yake haionekani. Na hii haikuwa miti iliyochunwa maganda. Yani mti unakufa wakati hakuna mtu amesimama chini yake na panga.

Hapo huwezi kumkamata mtu ukafunga faili, lazima uangalie mahali mti umesimama. Mwiritsa ni mti wa milimani, Afrika Mashariki unaukuta mpaka karibu mita 3,000. Kakamega kwa mita 1,600 ni karibu na ukingo wake wa chini, pale joto tayari ni jingi kwa tabia yake. Kenya imepata ongezeko la joto la kama digrii moja tangu 1960. Digrii moja inasikika kama kitu kidogo, lakini ukipanda mlima joto linapungua digrii moja kwa kila mita kama 150, kwa hiyo ni kana kwamba msitu mzima umeteremshwa mita 150 chini bila kuhama. Kwa mti uliokuwa umekaa katikati ya eneo lake hilo si neno. Kwa uliokuwa tayari ukingoni, hiyo ni habari mbaya. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo lililoua kila mwiritsa, uzee na magonjwa vinachangia, lakini mti uliobanwa hivyo hauna akiba ya kupigana na kingine chochote.

Mvua nayo. Magharibi si kama Turkana au Garissa, hatukosi mvua misimu mitano mfululizo kama kaskazini na mashariki walivyokosa kati ya 2020 na 2022. Shida yetu ni kwamba haieleweki. Inakawia halafu inamwagika yote kwa mpigo, 2020 Ziwa Viktoria lilijaa kupita kiwango chochote kilichokuwa kimerekodiwa hadi wakati huo, halafu unapata wiki za jua kali katikati ya msimu ambao ulipaswa kuwa wa maji. Mche wa mukombero ulioota juzi mizizi ikiwa bado juu juu hauwezi kuvumilia jua la namna hiyo, hasa kama uko pembeni ya msitu.

Na pembeni ndiko kila mahali siku hizi. Watafiti wa BIOTA, mradi wa utafiti wa viumbe na mazingira yao, walilinganisha ramani za kale, picha za ndege na za setilaiti, wakaonyesha jinsi msitu ulivyopungua na kumegeka tangu mwanzo wa karne ya 20. Msitu ukimegeka haupungui ukubwa tu, unaongeza mipaka. Jua na upepo vinaingia kutoka pembeni, udongo unakauka, na ule unyevu wa ndani unaohifadhiwa na kivuli cha miti mikubwa unapotea. Ukikata miti mikubwa ya mbao na ya makaa katikati, umeingiza pembeni mpaka ndani. Binadamu anafungua, hali ya hewa inaingia pale pale palipofunguliwa. Ndio maana mimi huwa sielewi mabishano ya "ni tabianchi au ni watu", kwa Kakamega hivyo vitu viwili vimeshikana mikono.

Kuna jambo moja linawapinga wanaosema tufunge tu msitu watu watoke kila kitu kitarudi. Mche wa mwiritsa unataka mwanga, chini ya kivuli kizito unaota kisha unadumaa unakufa. Kwa hiyo uwazi kidogo unausaidia. Tatizo ni nani anafika kwanza kwenye uwazi huo. Upande wa Buyangu kuna maeneo yaliyokuwa wazi yamejaa mapera, mapera haya haya ya kula, nyani na ndege wanameza mbegu wanazisambaza, na kichaka cha mapera kikishasimama mwiritsa haupati nafasi kwa miaka mingi. Kufunga geti hakuondoi mapera.

Sasa nifike kwa kile ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa, na watu wengi wanakiruka. Mimea dunia ikipata joto inapanda juu mlimani, polepole, kizazi kwa kizazi, mbegu moja inaota mita mia moja mbele. Kwa Kakamega juu ni mashariki, ni ule ukuta wa Nandi ambako msitu wa Nandi Kusini uko hadi mita 2,000 hivi, ambako mwiritsa ungepumua. Na zamani misitu hii miwili ilikuwa imeungana! Iliachana karne ya 20 ilipoanza kukatwa. Sasa katikati kuna mashamba, barabara, shule, chai, mahindi, watu. Mbegu ya mukombero ina manyoya inaweza kuruka lakini ikitua kwenye shamba la mahindi itapaliliwa wiki hiyo hiyo. Tunda la mwiritsa linabebwa na kima na ndege wala matunda, na kima hawezi kuvuka kilomita za mashamba akiwa na mbwa nyuma yake. Kwa hiyo mimea hii imefungiwa kwenye chumba ambacho joto linapanda na mlango uko wazi upande ambao haifiki. Hata ukikamata kila mchimbaji na kila mkata makaa kesho asubuhi, hilo linabaki pale pale.

Kuna kilichofanyika na hakikuwa bure. Kikundi cha wakulima cha Muliru, hapo hapo pembeni ya msitu, kwa msaada wa wanasayansi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walianza kupanda mmea wa dawa jamii ya mrehani, Ocimum kilimandscharicum, wakaukamua mafuta wakatengeneza balmu ya Naturub ya kupaka mtu akiwa na mafua au maumivu, na mukombero wakaupanda mashambani wakausaga wa kunywa. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ninachokipenda kwao ni kwamba hawakuanza kwa kuhubiri, walianza kwa kumpa mkulima kitu cha kuuza. Mukombero unakubali shamba, unaota kwa mbegu au kwa kipandikizi, unauwekea mti wa kupanda, na mwenye robo eka anaweza kuwa nao kando ya nyumba. Si zao la miezi mitatu lakini si la kurithisha wajukuu pia.

Shida ni kwamba kwa karai la steji mzizi wa shamba na mzizi wa msitu unafanana. Mkulima ameweka mbolea, amepalilia, amengoja, halafu bei yake inashindana na ya mtu aliyechimba asubuhi bila kulipa chochote isipokuwa hofu ya askari. Bila namna ya kuutambulisha wa shamba, mkulima ndiye anayeumia. Wanaouza unga kwenye chupa zenye lebo wana nafuu, wa karai hana.

Mwiritsa haukupata mfano wa Muliru. Mbegu zake hazikai, ukizihifadhi ghalani kama mahindi baada ya muda mfupi zinakufa, lazima uziokote mbichi uzisie haraka, kwa hiyo kitalu kinachotaka kuonyesha miche mingi kinachagua vitu rahisi. Ona kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032, iliyozinduliwa Disemba 2022. Wazo zuri, lakini lengo likiwa ni idadi, unategemea nani ahangaike na mwiritsa? Mkulima naye hesabu yake ni rahisi, mkaratusi kwa miaka michache tu unauza nguzo, mwiritsa miaka 12 hadi 15 ndio uanze kufikiria ganda, na ukitaka kulitoa nje unakutana na makaratasi ya CITES, na hata kusafirisha mbao za mti wako mwenyewe kunahitaji kibali. Sheria iliyowekwa kuulinda mti porini imemfanya mwenye shamba aogope kuupanda. Kibali kwa ganda la porini kiwe kigumu hivyo hivyo, sina neno, lakini mti uliopandwa na mtu kwenye mpaka wa shamba lake usajiliwe siku anaoupanda, chifu na KFS wauone, na akiuvuna asizungushwe ofisi kwa ofisi.

Na hao wa kuanza nao wanajulikana ni kina nani, ni wale wenye mashamba kati ya Kakamega na Nandi. Mistari ya mipaka ipo tayari, mingi ina mikaratusi inayonyonya maji hadi visima vya jirani vinalalamikiwa. Mwiritsa kwenye mstari huo haudhuru mazao kama mkaratusi, majani yake yakianguka ni mboji, mbao yake ngumu inatoa mipini ya majembe na mashoka, na ndege wala matunda wanapata pa kutua njiani. Mukombero unapanda juu yake. Haitakuwa msitu, itakuwa uzio wenye mapengo hapa na pale, lakini tunda likitoka Kakamega litapata ndege wa kulibeba na mti wa kupumzikia njia nzima kwenda juu, kitu ambacho leo halina.